Kisanduku Kwanza, Mgonjwa Baadaye

Wengi wetu tukisikia neno upasuaji huwaza kidonda kirefu tumboni na majuma ya kulala chali. Siku hizi kifuko cha nyongo chenye mawe hutolewa kupitia vitundu vichache tu. Tumbo hujazwa gesi likafura kama puto, kamera nyembamba ikaingizwa, na daktari akafanya kazi macho yakiwa kwenye runinga.

Erich Mühe alifanya upasuaji wa namna hii nchini Ujerumani mwaka 1985. Njia hiyo ilienea haraka kuliko mafunzo, na wagonjwa kadhaa wakakatwa mrija wa nyongo kimakosa. Mwaka 1992 wakuu wa afya katika jimbo la New York, Marekani, walitaka kila mpasuaji afanye kazi hiyo angalau mara 15 chini ya uangalizi kabla ya kuachiwa peke yake.

Ugumu uko wapi? Kifaa ni kirefu na hupita kwenye kitundu kidogo. Mkono ukienda kulia, ncha yake huenda kushoto! Tena runinga haionyeshi vizuri kilicho mbali na kilicho karibu.

Ndiyo maana daktari chipukizi huanzia kwenye kisanduku chenye matundu na kamera. Humo huhamisha vipande vidogo kutoka kigingi hadi kigingi, hukata duara kwenye shashi, na kufunga fundo la uzi. Akikosea, hakuna anayevuja damu.

Je, mazoezi hayo yanasaidia? Mwaka 2002 Chuo Kikuu cha Yale kilitangaza matokeo ya jaribio la madaktari 16 waliokuwa mafunzoni. Nusu yao walijizoeza kwanza kwa kompyuta. Hao walimaliza kazi kwa muda pungufu kwa asilimia 29. Wenzao walielekea mara tano zaidi kuumiza kifuko cha nyongo au kuchoma mahali pasipostahili.

Wewe mwanafunzi unayeota kuwa mpasuaji, jua kwamba kisanduku cha karatasi ngumu na kamera ya simu vyatosha kuanzia. Nawe mzazi, kabla ya kutia sahihi, muulize daktari kwa heshima: kazi hii umeifanya mara ngapi, na nani atakusimamia? Kuuliza si ujinga.