Jukwaa la Kozi bila Kuandika Programu: Wajibu wa Mwanaisimu katika Tarime na Serengeti

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kujadili suala ambalo kwa muda mrefu limeachiwa wataalamu wa kompyuta peke yao, nalo ni uundaji wa majukwaa ya kufundishia kozi kwa njia ya mtandao. Siku hizi yasemwa kila mahali kwamba mwalimu asiyejua kuandika programu aweza kujenga jukwaa la namna hiyo kwa kubofya vitufe tu. Usemi huo ni wa kweli, lakini umeficha jambo moja kubwa. Kizuizi kilichoondolewa ni cha lugha za kompyuta. Kizuizi cha lugha za watu kimebaki palepale. Msimamo wetu ni kwamba, mara tu ujuzi wa kuandika programu unapokoma kuwa sharti, kazi kubwa iliyobaki ni ya kiisimu, na kwa hiyo idara za Kiswahili hazina tena udhuru wa kukaa pembeni. Tutaitetea hoja hii kwa kuangalia wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, ambako suala hili laonekana kwa uwazi kuliko mijini.

2.0 Usuli

Mfumo unaotumika sana katika vyuo vyetu kwa kazi hii ni Moodle. Ulianzishwa na Martin Dougiamas wa Australia, mtu ambaye utotoni alisoma kwa njia ya redio akiwa jangwani, mbali na shule. Toleo lake la kwanza rasmi lilitoka mwaka 2002. Mfumo huu hautozwi ada ya leseni, na yeyote aruhusiwa kuutumia na kuurekebisha. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, ni miongoni mwa vyuo vinavyoutumia. Mwalimu akishafunguliwa nafasi ndani ya mfumo, aweza kupanga mada, kuweka matini na sauti, kutunga majaribio, kupokea kazi za wanafunzi na kuzisahihisha, bila kuandika hata mstari mmoja wa programu.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba kufundisha watu walio mbali ni jambo geni kwetu. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walijifunza kwa vikundi, wakisikiliza redio, wakisoma vijitabu vya Kiswahili na kujadiliana chini ya kiongozi wa kikundi. Hakuna aliyewauliza waandishi wa vijitabu vile kama walijua kuunda mtambo wa redio. Walichotakiwa kukijua ni namna ya kupanga maarifa kwa Kiswahili ambacho mkulima angekielewa na kukifanyia kazi jioni ileile. Kampeni ile ilikuwa jukwaa la kozi kwa maana kamili ya neno hilo, nalo lilijengwa na watu wa lugha na elimu.

3.0 Hali ya Tarime na Serengeti

Wilaya hizi mbili zafaa kuwa kipimo cha hoja yetu kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni kwamba suala la miundombinu lilikwisha kushughulikiwa hapa mapema kuliko katika wilaya nyingi za vijijini. Katika muongo wa kwanza wa karne hii, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, ikishirikiana na wataalamu wa Sweden, iliendesha mradi wa mtandao wa kasi katika wilaya za Bunda na Serengeti. Nia ilikuwa kuziunganisha shule, hospitali na ofisi za halmashauri kwa kutumia nyaya za nuru zilizokuwa zimekwisha kutandazwa kwa shughuli nyingine. Mradi ule ulijibu swali la waya. Swali la nini kipite katika waya huo, na kwa lugha gani, lilikuwa la watu wengine, na kwa sehemu kubwa watu hao ni sisi.

Sababu ya pili ni hali ya lugha. Tarime ni nchi ya Kikuria, lugha inayovuka mpaka wa Sirari na kuzungumzwa pia Kenya. Serengeti ina Kikuria, Kingoreme, Kinata, Kiikoma na Kiisenye. Mtoto huanza na mojawapo ya lugha hizi, akafundishwa kwa Kiswahili shule ya msingi, kisha akahamishiwa Kiingereza sekondari. Mwalimu anayesomea Chuo cha Ualimu Tarime hana budi kuielewa safari hiyo yote. Akifungua jukwaa la kozi lenye vitufe, maelezo na maonyo ya Kiingereza kitupu, huwa amepewa nyumba isiyohitaji fundi lakini ambayo milango yake imeandikwa kwa lugha ambayo wanafunzi wake wengi hawajaimudu.

4.0 Isimu iliyomo ndani ya jukwaa

Huenda msomaji akasema kwamba kufasiri maneno machache ya vitufe si kazi ya kumshughulisha mwanaisimu. Mifano mitatu ifuatayo yaonyesha kinyume chake.

Mfano wa kwanza wahusu upatanisho wa kisarufi. Mifumo hii ilibuniwa na wasemaji wa lugha zisizo na ngeli kama zetu. Ujumbe wa kwamba kitu fulani kimefutwa huandikwa mara moja tu, na nafasi ya kitu huachwa wazi ili kompyuta iijaze. Kwa Kiswahili kozi imefutwa, jaribio limefutwa, kitabu kimefutwa na mwanafunzi amefutwa. Mfasiri asiyeitambua shida hii atachagua kiambishi kimoja, na jukwaa litazungumza Kiswahili kibovu mbele ya wanafunzi waliokuja kujifunza Kiswahili. Mwanaisimu ataibadili sentensi: "Umefuta: jaribio"; "Umefuta: kitabu". Kitenzi sasa chapatana na mtumiaji, ambaye habadiliki, na tatizo limekwisha bila kuigusa programu. Ndivyo ilivyo pia kwa kivumishi "-ote". Kikisimama peke yake juu ya kitufe, lazima mtu aamue kama ni "wote", "zote" au "vyote", na uamuzi huo hauwezi kufanywa bila kujua kitufe kinasimama wapi na kinahusu nini.

Mfano wa pili wahusu majaribio. Katika maswali ya jibu fupi, Moodle hulinganisha herufi za jibu la mwanafunzi na herufi za jibu alilolitoa mwalimu. Katika lugha ambambishi kama Kiswahili utaratibu huu ni mtego. Mwalimu akiuliza sentensi yenye kitenzi "piga" katika kauli ya kutendewa, majibu sahihi ni mengi: "alipigiwa", "hawapigiwi", "wapigiwe". Mfumo huruhusu alama ya nyota isimame mahali pa herufi zozote, hivyo mwalimu aweza kuandika *pigiw* na kuzipokea zote. Lakini kanuni hiyo itapokea pia umbo lolote lenye mwisho usio na maana, na hapo mwalimu atalazimika kuorodhesha miisho inayokubalika. Kazi hiyo haihitaji ujuzi wa programu. Yahitaji mofolojia, na mwenye mofolojia ni mhitimu wa idara yetu.

Mfano wa tatu watoka katika lugha za mahali penyewe. Kikuria hakina upinzani wa kifonimu baina ya /l/ na /r/ kama ule wa Kiswahili. Mwanafunzi wa Tarime aliyeulizwa wakati uliopita akaandika "arifika" ameijua sarufi aliyoulizwa. Alichokosa ni tahajia. Mashine isiyoelekezwa itampa sifuri. Mwalimu ajuaye fonolojia ya Kikuria ataongeza jibu hilo katika orodha, alipe sehemu ya alama, na aliambatishie maelezo mafupi juu ya sauti hizo mbili, jambo ambalo mfumo huruhusu. Tofauti baina ya sifuri na maelezo hayo ndiyo tofauti baina ya kumkatisha mwanafunzi tamaa na kumfundisha.

Na endapo siku moja tutaandaa kozi ya Kikuria chenyewe, jambo linalowezekana kabisa, mahitaji yatazidi. Kikuria kina irabu saba, si tano. Toni ya juu katika kitenzi huanzia mora ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne ya shina kulingana na njeo. Matini pekee hayatoshi kuyafundisha hayo. Lazima ziwepo sauti zilizorekodiwa, na mpangilio wa kumfanya mwanafunzi alinganishe njeo moja na nyingine. Jukwaa lina kitufe cha kurekodi. Halina mtu wa kuamua nini kirekodiwe na kwa utaratibu gani.

5.0 Hoja za upinzani

Zipo hoja tatu zinazotolewa mara kwa mara dhidi ya msimamo wetu. Ya kwanza yadai kwamba vijijini intaneti ni haba na ghali. Uhaba huo hatuukani. Lakini programu ya Moodle ya simu huwezesha mtumiaji kupakua masomo pale penye mtandao na kuyasoma pasipo na mtandao. Mwalimu wa kijiji cha mbali aweza kupakua kozi akiwa Mugumu siku ya soko, akaisoma nyumbani juma zima. Sharti ni kwamba kozi iwe imeandaliwa kwa kulijua hilo: matini mafupi, sauti zilizobanwa, picha chache. Kozi ya video ndefu iliyotengenezewa ofisi ya mjini haitamfikia.

Hoja ya pili husema kwamba bado anahitajika fundi wa kusimika mfumo, kutunza nakala za akiba na kulinda usalama. Hoja hii ina uzito, na wanaoahidi kwamba mwalimu ajitosheleza kwa kila kitu wanapotosha. Mfumo wahitaji mahali pa kuhifadhiwa na mtu wa kuuangalia. Aidha, tangu tarehe 1 Mei 2023 nchi yetu inatumia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na anayekusanya majina na alama za wanafunzi anabeba wajibu wa kisheria. Kwa hiyo hatupendekezi kila mwalimu ajenge jukwaa lake peke yake. Twapendekeza chuo kitunze mfumo mmoja, na walimu wengi wajenge kozi ndani yake. Hata hivyo, fundi wa mfumo hawezi kutunga kozi ya Kiswahili, kama vile fundi mitambo wa redio hakuweza kuandika vijitabu vya mwaka 1973.

Hoja ya tatu ni kwamba kazi hii ilikwisha kufanywa. Ni kweli kwamba mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice, na kwamba kazi ile ilithibitisha uwezo wa lugha yetu. Lakini programu hutolewa upya kila mwaka, na tafsiri isiyopata mtunzaji huchakaa kama paa la nyasi. Istilahi nazo hazijatulia: "kompyuta", "tarakilishi" na "ngamizi" bado zapigania nafasi moja, na mwanafunzi wa Kikuria aliye upande wa Kenya haoni neno lilelile analoliona nduguye wa Tarime. Kilichofanywa mara moja kama mradi chapaswa sasa kufanywa daima kama kazi ya idara.

6.0 Mapendekezo na hitimisho

Kutokana na mjadala huu twatoa mapendekezo matatu. Kwanza, mwanafunzi wa uzamili aruhusiwe kuwasilisha, pamoja na tasnifu fupi ya uchambuzi, kozi kamili iliyojengwa ndani ya jukwaa na kujaribiwa na wanafunzi halisi. Pili, idara zigawane ufasiri wa jumbe za mfumo, kila moja sehemu yake, na istilahi zipelekwe Baraza la Kiswahili la Taifa kabla ya kusambazwa. Msimamizi wa jukwaa aweza kubadili maneno ya vitufe kupitia menyu ya kawaida, hivyo hakuna haja ya kusubiri ruhusa ya mtu aliye ng'ambo. Tatu, na hili ndilo gumu, kazi hizo zihesabiwe katika kupandishwa vyeo. Katika vyuo vyetu vingi makala ya kurasa kumi juu ya istilahi za kompyuta humpa mhadhiri alama, ilhali kuzifasiri jumbe elfu moja zitakazosomwa na wanafunzi kila siku hakumpi kitu. Maadamu hali ni hiyo, tutaendelea kuandika juu ya kazi badala ya kuifanya.

Jaribio la kwanza lingeweza kuwa dogo: kozi moja ya sarufi ya Kiswahili kwa walimu wa shule za msingi wa Tarime na Serengeti, iliyoandaliwa na wahadhiri wawili, wanafunzi wanne wa uzamili na walimu wanaozijua lugha za huko. Matokeo yake, mazuri au mabaya, yaandikwe katika kurasa za jarida kama hili ili wengine wajifunze. Ujuzi wa kuandika programu hautakiwi. Vinavyotakiwa ni ngeli, mnyambuliko, fonolojia na subira, mambo ambayo idara zetu zimekuwa zikiyafundisha kwa miaka mingi.