Mmezindua, Nani Anatunza?

Sisi watu wa vitabu tuna ugonjwa mmoja: tunapenda uzinduzi. Kitabu kikitoka tunajaa ukumbini, tunapiga picha, tunakula sambusa, mgeni rasmi anasema Kiswahili kinakua. Tafsiri ikitoka, vivyo hivyo. Miaka mitatu baadaye ukiuliza nani anaitunza, watu wanakutazama kama umeuliza nani anaosha vyombo vya harusi ya mwaka juzi.

Leo nagombana na ugonjwa huo, na mfano wangu najua baadhi yenu mtasema hauhusu fasihi: mwongozo wa unittest, kiunzi cha majaribio kilichomo ndani ya lugha ya programu ya Python. Unahusu. Vumilieni kidogo.

Mwandishi wa programu hukata kazi yake vipande vidogo, na kila kipande hukiandikia jaribio: nikikupa mbili na tatu za kujumlisha, nirudishie tano. Kiunzi ndicho kinachoendesha majaribio yote na kusema lipi limefeli. Unittest imo ndani ya Python tangu toleo la 2.1, mwaka 2001. Mzazi wake ni JUnit ya lugha ya Java, ambayo Kent Beck na Erich Gamma waliianza mwaka 1997 wakiwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Atlanta. Ndani yake mna amri inayotumika mno, assertEqual, yaani "nadai hivi viwili ni sawa". Zamani uliweza pia kuandika assertEquals, yenye s mwishoni. Mwaka 2011, toleo la 3.2, wenye Python wakaweka onyo: hiyo s acheni. Oktoba 2023, toleo la 3.12, wakaiondoa kabisa.

Sasa njooni Buhongwa. Mtoto wa kaka yangu anakaa kwangu, anasoma chuo, na jioni anajifundisha Python kwenye laptop ya mtumba. Alipata mwongozo wa Kiswahili, faili linalozunguka WhatsApp kutoka kundi hadi kundi, halina jina la mwandishi wala tarehe. Umeandikwa vizuri, nakiri. Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha habari nyingi ninazohariri kazini. Na kila jaribio ndani yake linatumia assertEquals.

Kijana akanakili, akaendesha, likafeli. Mashine ikamwandikia kwa Kiingereza: je, ulikusudia assertEqual? Yaani ilimnong'oneza jibu kabisa. Hakuiamini. Akarudi kwenye mwongozo, akakagua herufi moja moja, akaona ameandika kama ulivyosema. Akaifuta Python, akaanza kuipakua upya, bando likakata saa nne usiku. Akanifuata sebuleni: "Shangazi, kitabu kinasema hivi, mashine inasema vile. Nadhani mimi ndo sielewi."

Bando ni hela, litanunuliwa jingine. Kilichoniuma ni kwamba alisikia sauti mbili, akaamini ile iliyozungumza lugha yake, na hiyo ndiyo iliyompoteza. Asubuhi alipojua tatizo ni s moja tu, alicheka, halafu akasema neno ambalo sijalisahau: "Bora ningesoma ya Kiingereza tangu mwanzo." Hapo Kiswahili kimepoteza msomaji, na aliyempoteza ni mpenzi wa Kiswahili: aliandika, akasambaza, akaenda zake.

Simlaumu kwa alichoandika. Siku alipokiandika, pengine kilikuwa sahihi. Lakini riwaya ukiiacha miaka thelathini bila kuigusa inabaki riwaya. Mwongozo wa programu ukiuacha miaka mitatu unaweza kugeuka uongo bila mtu kubadilisha hata nukta, kwa sababu kile unachokieleza kimehama. Mama ntilie wangu hapa stendi ana ubao wa chaki: sato, sangara, dagaa. Sato akiisha anachukua kitambaa anafuta. Hangoji mgeni rasmi. Ubao ule ni maandishi yanayoheshimu msomaji, na mwenyewe hajawahi kualikwa kwenye tamasha lolote la vitabu.

Somo hili tulishapewa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice: programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa kazi kubwa. Watu walikaa wakatafuta istilahi moja baada ya nyingine, na nawavulia kofia. Lakini OpenOffice yenyewe haikusimama kuwasubiri. Mwaka 2005 likaja toleo la 2.0, mwaka 2008 la 3.0, mwaka 2010 sehemu ya jumuiya yake ikajitenga na kuanzisha LibreOffice. Kila hatua ilileta maneno mapya ya kutafsiri na ya zamani ya kurekebisha. Kazi ya namna hii siku ya uzinduzi ndo kwanza inaanza. Nawauliza wasomaji wenzangu mnaopenda kutaja juhudi zile kwenye mijadala ya lugha: nani kati yenu ana Jambo OpenOffice kwenye mashine yake leo?

Na msiniambie hatujui kutunza. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ilitoka 1981, likaja toleo la pili 2004, la tatu 2013. Hakuna aliyesema kurudia kamusi ni kazi ya karani. Tunajua kutunza pale tunapoamua kwamba kitu kina heshima.

Najua majibu yenu. La kwanza: wanaoandika programu wote wanajua Kiingereza. Ni kweli wengi wanajua, kwa sababu wasiokijua walishachujwa mlangoni, hamkuwaona. La pili: akili mnemba itatafsiri. Itatafsiri nini? Inakula yaliyoandikwa. Ukiyaacha yaliyochacha, itayatafuna na kuyarudisha kwa kujiamini kuliko yule mwandishi wa faili la WhatsApp. La tatu, na hili ndilo la watu wetu hasa: hii siyo fasihi. Sawa. Andika wewe sentensi moja itakayomfanya mtu usiyemjua, saa nne usiku, bando likikaribia kukata, afanye jambo moja sahihi bila kukupigia simu. Ukishindwa, usidharau ufundi huo. Na ukiweza, rudi mwakani uone kama sentensi yako bado ni kweli.

Wenye Python wenyewe wana utaratibu wa tafsiri za nyaraka zao, uliowekwa mwaka 2017. Kila lugha iwe na mratibu. Na lugha haiingizwi kwenye orodha ya juu ya ukurasa hadi vitu vitatu vitafsiriwe vyote: somo la wanaoanza, sura ya amri za msingi, na ukurasa unaomwelekeza msomaji pa kuripoti makosa. Ona walivyofikiri: kabla hujaonekana, msomaji awe na mahali pa kukulalamikia. Kifaransa kimo, Kijapani kimo, Kikorea kimo, Kituruki kimo. Kiswahili hakimo. Tunacho kwenye hotuba.

Kwa hiyo ninachodai ni kidogo, na nadhani ndiyo maana hakipendwi. Acheni kutangaza kwamba mtatafsiri kila kitu. Andikeni ukurasa mmoja. Juu yake wekeni tarehe, namba ya toleo mnalolieleza, na jina la anayeutunza. Mifano iliyomo iendeshwe, isinakiliwe tu. Python ina chombo kiitwacho doctest, kilichoingia pamoja na unittest kwenye toleo lile la 2.1: kinasoma mifano iliyo ndani ya maelezo yako, kinaiendesha, na jibu likitofautiana na uliloandika kinapiga kelele. Faili lile la kijana wangu lingepitishwa humo mara moja tu kwenye toleo jipya, s ile ingeonekana kabla ya chai. Na kama hakuna wa kuutunza ukurasa, ufuteni. Ukurasa usiokuwepo haudanganyi mtu.

Kijana ameandika wa kwake, kurasa mbili na nusu, kwa Kiswahili, juu ya majaribio ya vipande. Nimeusoma nikiwa kwenye daladala kutoka mjini, kati ya Mkuyuni na Mkolani, nikamsahihishia alama za uandishi na neno moja. Mifano sikuigusa, ile ilishakaguliwa na mashine. Nilipofika nyumbani kaniuliza, "Shangazi, Python mpya inatoka kila Oktoba. Oktoba ijayo nani atautazama?"

Nikamwambia andika majina mawili hapo juu, lako na langu.