Mwanao ana presentesheni kesho? Mkalisheni sebuleni leo

Wazazi wenye vijana vyuoni wanaufahamu usiku wa kuamkia presentesheni. Kompyuta iko mezani, chakula kimepoa, kijana hataki kuulizwa chochote. Mama akichungulia anaona slaidi za bluu na maneno yanayoingia yakizunguka, anaondoka ameridhika kwamba mtoto anasoma. Mara nyingi hasomi. Anakata aya kutoka kwenye ripoti yake na kuzibandika kwenye slaidi, moja baada ya nyingine, mpaka zinafika 25 kwa mazungumzo ya dakika kumi.

Kesho yake anasimama, anawapa wenzake mgongo na kusoma ukutani neno kwa neno. Wenzake, ambao nao wanajua kusoma, wameimaliza slaidi kabla yake na wameshashika simu. Akifika ya tisa mhadhiri anamwambia muda umekwisha. Yale aliyoyagundua mwenyewe, ambayo ndiyo yenye alama, yako kwenye slaidi ya 22.

Ni rahisi kumwita mvivu. Lakini kijana huyohuyo jioni atasimama kijiweni abishane kuhusu Simba na Yanga nusu saa nzima bila karatasi, akikumbuka nani alitoa pasi na ilikuwa dakika ya ngapi. Kusema anajua. Kinachomfunga ni Kiingereza. Wengi wao walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wakaingia kidato cha kwanza lugha ikabadilika, na wanafika chuoni wakiweza kukiandika Kiingereza kuliko kukisema. Slaidi iliyojaa maneno ni mahali pa kujificha, maana anayesoma hakosei sarufi. Kwa hiyo kumwambia apunguze maneno bila kumpa kitu kingine cha kushikilia ni kumnyang'anya mkongojo mtu anayechechemea.

Cha kushikilia ni kujua anachotaka kusema, na hicho hutafutwa kompyuta ikiwa imefungwa. Achukue karatasi aandike kwa Kiswahili sentensi moja inayoeleza alichokigundua. Asipoweza kuiandika, hakuna rangi ya slaidi itakayomsaidia.

Chukua mfano wa mwanafunzi wa kilimo aliyelinganisha mahindi yaliyowekwa kwenye gunia la kawaida na yale ya kwenye mfuko usiopitisha hewa. Adui ni dumuzi, mdudu mwenye asili ya Amerika ya Kati aliyeingia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, ambaye wakulima wengine humwita Scania. Ndani ya mfuko uliofungwa vizuri wadudu humaliza oksijeni wanayoivuta na kufa, bila dawa. Ripoti ya kijana ina kurasa 40, lakini slaidi sita zinamtosha. Moja iwe picha ya mahindi yaliyogeuka unga ndani ya gunia, bila maneno, yeye ndiye aeleze. Nyingine iwe grafu ya mihimili miwili tu, gunia na mfuko. Lile jedwali lenye tarakimu 60 libaki kwenye ripoti.

Kila slaidi ipewe kichwa kinachosema jambo. "Utangulizi", "Mbinu" na "Matokeo" ni sawa na kuandika "Chakula" juu ya mfuniko wa sufuria. "Mfuko usiopitisha hewa uliokoa mahindi ambayo gunia liliyapoteza" ni kichwa ambacho hata aliyechelewa kuingia darasani atakielewa.

Na kichwa hicho kiwe cha kweli, kwa sababu wengi hawasomi zaidi yake. Januari 2003 chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kiliporuka, kipande cha povu gumu kilibanduka kwenye tangi la nje na kupiga bawa. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi walitumia slaidi kuwaeleza wakuu wa NASA hali hiyo. Slaidi moja ilikuwa na kichwa cha kutia moyo. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, ndipo palipoandikwa kwamba kipande kile kilikuwa na ujazo wa inchi 1,920, wakati majaribio yaliyotegemewa yalifanywa kwa kipande cha inchi 3. Februari 1 chombo kilisambaratika kikirejea duniani na wanaanga wote saba wakafariki. Kilichokiangusha ni tundu la bawani, si slaidi. Hata hivyo bodi iliyochunguza ajali hiyo iliijadili slaidi hiyo katika ripoti yake ya Agosti mwaka ule, ikitumia uchambuzi wa Edward Tufte, kuonyesha namna jambo zito linavyoweza kupita mbele ya macho ya wakubwa wasilione.

Kuhusu kusoma ukutani, Profesa Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, amepima kwa miaka mingi namna watu wanavyojifunza kwa maneno na picha. Moja ya aliyoyabaini ni kwamba kwa kawaida picha inayoelezwa kwa sauti hueleweka zaidi kuliko picha na sauti pamoja na maneno yaleyale yakiwa yameandikwa tena. Aliyewahi kumsemesha mtu anayesoma ujumbe kwenye simu hahitaji kuelezwa zaidi.

Hapo ndipo familia inapoingia. Baada ya chakula televisheni izimwe, kijana asimame. Mdogo wake ashike saa ya simu, maana wadogo hawana huruma na muda. Aeleze kwa Kiswahili kwanza, bila slaidi hata moja, mpaka bibi aelewe. Bibi ambaye hajawahi kukanyaga chuo anafaa kuliko mhitimu, kwa kuwa hatatikisa kichwa kwa adabu wakati hajaelewa. Atauliza, "Sasa mjukuu wangu, mfuko huo panya hautoboi?" Na hilo ni swali zito. Panya huutoboa, na ukishatoboka hewa inaingia, faida yote imekwisha. Kijana ambaye ripoti yake haikugusa panya amepewa bure swali ambalo huenda angeulizwa mbele ya darasa zima.

Mzunguko wa pili uwe wa Kiingereza, na hapa wazazi wajizuie. Baba anayekatiza kila sentensi ili kusahihisha sarufi anamrudisha kijana kwenye kusoma. Atumie sentensi fupi. Akariri mbili za kufungulia na moja ya kumalizia, katikati aeleze kama alivyomweleza bibi. Wadogo wakicheka, watolewe nje. Fedha ya kukodi suti nayo ifikiriwe upya. Shati safi linatosha, na suti haijibu maswali.

Mambo ya vifaa ni machache. Herufi zisipungue ukubwa wa 28: kompyuta iwekwe mezani, mtu asimame mlangoni, na asichoweza kukisoma kiondolewe au kikuzwe. Maandishi meusi juu ya rangi nyeupe ndiyo salama, kwa sababu madarasa mengi hayana mapazia na projekta nyingine zimechoka. Kazi iwe kwenye flashi na kwenye barua pepe, pamoja na nakala ya PDF, maana kompyuta ya chuo isiyo na aina ileile ya herufi huvuruga mpangilio wote. Akitaka darasa limtazame yeye, katika PowerPoint akibonyeza herufi B skrini inakuwa nyeusi, akibonyeza tena inarudi. Umeme ukikatika, aliyeweza kumweleza bibi bila slaidi ataendelea.

Linabaki la maswali, ambalo ndilo huwanyima vijana usingizi. Wengi wakiulizwa wasilolijua hubuni jibu, na mhadhiri hulitambua mara moja. Kusema "hilo sikulipima" si aibu, mradi aongeze angelipimaje. Akiulizwa kuhusu panya, anaweza kukiri kwamba mifuko yake ilikaa kwenye stoo ya chuo isiyo na panya, kisha aeleze kwamba kijijini angeiweka juu ya chaga, mbali na ukuta, na kuikagua kila wiki. Hilo la chaga huenda bibi alishamwambia.