Mambo ya Nyumbani: Fedha ya Sandukuni

Kina mama wengine wametuuliza kama yafaa kuweka akiba katika vikuku na vyombo vya fedha. Bwana wetu alituonya juu ya hazina za duniani, wala hatusahau. Lakini kuwawekea watoto si dhambi. Tuogopalo ni neno lenyewe. Kwetu fedha ni madini, tena ni pesa, nao wengi hupotea hapo.

Reale ya Maria Theresa ina sehemu 833 za fedha katika 1000. (Huandikwa mwaka 1780, hata zile zilizopigwa zamani za babu zetu.) Rupia ilikuwa na 917. Ilipokuja shilingi ya Afrika Mashariki, mwaka 1921, ilitiwa 250 tu. Na tangu 1948 haikutiwa hata chembe. Basi aliyefukia rupia na aliyefukia shilingi hawakuacha urithi mmoja, ijapokuwa mitungi yao ililingana.

Fedha ya Kiingereza iitwayo sterling ni 925, na iliyobaki ni shaba hasa. Tafuteni alama ya simba atembeaye, au tarakimu 925. Mkiona herufi E.P.N.S., chombo hicho kimechovywa tu. Tena sonara anunuapo hupima uzito. Nakshi mliyoilipia hailipi.

Naye mke aonyeshwe mahali ilipo. Tumezika wazee waliokwenda na siri hiyo, na wajane wao wangali wakichimba sakafu.