Mwendokasi Haukuangushwa na Nauli

Kaa stendi ya Mugumu, huku kwetu Mara, gari likingoja kujaa, au pita vijiwe vya Morotonga jioni, utasikia Dar es Salaam ikiendeshwa vizuri kuliko inavyoendeshwa na wenyewe. Wengi wetu tumeupanda mwendokasi, yale mabasi ya haraka ya jiji hilo yenye njia zake: waliopeleka mgonjwa Muhimbili, waliofuata mzigo Kariakoo, wenye kaka Kimara. Kwa hiyo kila mtu ana hukumu yake, na nyingine hazisimami.

Inayotolewa kwa sauti kubwa zaidi ni kwamba serikali ingechimba reli ya chini ya ardhi kama Cairo, badala ya kuhangaika na mabasi. Kweli, Cairo ilifungua yake mwaka 1987, ya kwanza Afrika. Lakini kilomita moja ya handaki hugharimu mara nyingi zaidi ya kilomita moja ya njia ya basi, na hapo hujanunua behewa hata moja. Addis Ababa haikuthubutu kuchimba njia nzima. Ilijenga reli ambayo sehemu kubwa iko juu ya ardhi, ikaifungua 2015, na baada ya miaka michache treni zake nyingi zilikuwa zimeegeshwa kwa kukosa vipuri. Jiji lililoshindwa kutunza basi litatunzaje treni? Na mwenye hamu ya kuchimba akumbuke bonde la Msimbazi jijini Dar: karakana ya mwendokasi ya Jangwani, iliyo juu ya ardhi, imefurika maji si mara moja na kuharibu mabasi.

Dai la pili ndilo linalonikera, maana husemwa na watu wenye hesabu zao: "Mura, nauli ilikuwa ndogo mno, mradi ungeishije?"

Haya, tuhesabu. Kabla ya kuanza, mwendeshaji, UDA-RT, aliomba Sh1,200 kwa njia kuu. Serikali ikakataa, na SUMATRA, mamlaka ya usafiri ya wakati huo, ikaidhinisha Sh650. Tarehe 10 Mei 2016 mabasi yakaanza kubeba watu kati ya Kimara, Kivukoni, Gerezani na Morocco, mtandao wa kilomita kama 21. Ukiishia hapo utamwonea huruma mwendeshaji. Usiishie hapo. Mpango wa awamu ya kwanza ulitaka mabasi 305. Yaliyoanza ni 140. Mengine 70 yaliyoletwa baadaye yakakwama bandarini kwa mvutano wa kodi. Mapato ya basi ni nauli mara vichwa, na abiria aliyeachwa kituoni halipi kitu.

Utasema bei ya chini ndiyo iliyozaa ule msongamano wa Kimara, watu wakiingilia madirishani. Hapana. Daladala za Barabara ya Morogoro ziliondolewa kupisha mwendokasi. Watu wakabaki wale wale, viti vikapungua. Mtu hapandi dirishani kwa kufurahia Sh650, anapanda kwa kuwa hajui la pili litakuja saa ngapi. Basi linaloshona namna ile linaingiza kila shilingi linaloweza kuingiza, isipokuwa ile inayopotelea njiani, na kwa miaka mingi tiketi zilikuwa za karatasi. Sina haja ya kumweleza mtu aliyewahi kumiliki Hiace jinsi karatasi inavyovuja.

Kipande kimoja nakikubali. Dizeli ilipanda, vipuri vikapanda, na nauli kufika Sh750 hakukuwa dhuluma. Ila nauli moja kwa wote nayo ina kasoro: anayetoka Magomeni kwenda Kariakoo analipa sawa na aliyetoka Kimara. Sisi huku LATRA, iliyorithi kazi ya SUMATRA, hutupimia kwa kilomita: Desemba 2023 ilipanga Sh48.47 kwa basi la daraja la kawaida. Tena Bogotá, jiji ambalo Dar ililiiga, lilianza 2000 likitarajia nauli ijitosheleze, na leo lina mfuko wa umma wa kuziba pengo. Anayetaka kumbebesha abiria pengo lote ajue hata mwalimu wake ameshindwa.

La tatu ni la uchungu wa kwetu: barabara zetu zingali za vumbi, watu wa Dar wanajengewa za zege kwa fedha za wote. Uchungu huo una haki. Awamu ya kwanza ni mkopo wa Benki ya Dunia, ya pili ya Benki ya Maendeleo ya Afrika, na deni la taifa halichagui mkoa. Ndiyo maana siwaelewi wanaomalizia kwa "acha mradi ufe." Mkopo unalipwa basi likitembea au likiwa juu ya mawe.

La mwisho: mtu binafsi akishika, mambo yatanyooka. Wanatolea mfano wa Mbagala, ambako njia ya kilomita 20.3 ilikaa muda mrefu bila mabasi hadi kampuni ya Mofat ilipoleta yake ya gesi mwaka 2025. Mabasi yalikuja, sikatai. Lakini UDA-RT nayo ilianza ikiwa na wenye daladala ndani yake, na mkataba wake wa mpito, uliokusudiwa kuwa wa muda mfupi, ukavuka miaka minane. Kilichokosekana si mtu binafsi. Ilikosekana karatasi inayosema mabasi mangapi yapite kila saa, na nani anakatwa fedha yasipopita. Sasa kuna awamu ya tatu ya Gongo la Mboto na ya nne ya Barabara ya Bagamoyo. Mbunge akija kuomba kura na kutusifia zege la huko, aulizwe hapo hapo mabasi yake yaliagizwa lini.