Muhuri wa Mfukoni Hauuzi Shamba

Jumamosi iliyopita nilimsindikiza mpwa wangu kwenye kijiji kimoja cha Mkuranga, anakotafuta ekari tano za kupanda michungwa. Hasira niliyotoka nayo huko bado ninayo.

Dalali alipima kwa miguu. Ekari ni hatua 70 kwa 70, alisema, na hapo hakudanganya: hatua ndefu ya mtu mzima inakaribia yadi moja, na yadi 70 kwa 70 zinaitimiza ekari. Lakini yeye alitembea kama bibi harusi anayeingizwa ukumbini. Ninyi mnaoniita Mama Mipaka mnajua kilichofuata: nikatoa utepe wangu. Hatua zake 70 zilikuwa mita 51. Ekari ina mita za mraba 4,047. Huyu alikuwa akiuza 2,600 kwa bei ya ekari nzima. Katika ekari tano, kijana angelipia karibu ekari mbili ambazo hazipo.

"Mama, shamba halipimwi kwa mita," akanijibu.

Nikamwacha na hatua zake, nikaenda kumwamkia bibi aliyekuwa akipalilia mihogo ng'ambo ya mpaka. Akaniambia mikorosho iliyo kwenye shamba tulilokuwa tukiuziwa ni ya marehemu kaka yake, mirathi haijagawanywa, na watoto wengine wako mjini, hawana habari kwamba kuna mauzo. Jirani wa shamba aonwe kabla ya muuzaji, tena siku ambayo dalali hayupo.

Hata kijito cha shamba hilo, alichokuwa akitusifia dalali, kina sheria yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hilo hakuna aliyelitamka.

Aliyenichoma zaidi ni mwenyekiti wa kitongoji. Alichomoa muhuri mfukoni mwa shati, akaugonga kwenye karatasi ya mauziano juu ya boneti ya gari, bei yenyewe haijakubaliwa, kisha akadai chake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, imeikabidhi ardhi ya kijiji kwa halmashauri ya kijiji, si kwa shati la mtu. Mahakama ya Rufani nayo ilishasema tangu miaka ya 1980 kwamba mauzo yasiyo na idhini ya halmashauri hiyo ni batili. Mnunuzi adai muhtasari wa kikao kilichoridhia, wenye majina na sahihi za wajumbe. Akiambiwa utaandaliwa baadaye, apande gari arudi na fedha zake.

Mpwa wangu hakununua. Dalali akatuambia hana shida, yuko mteja anayekuja mwisho wa mwezi na fedha taslimu. Ndugu mteja, kama unasoma safu hii: ile mikorosho ina wenyewe.