Jeraha la Mwamazoni

Juni 2003 wanajeshi wa Umoja wa Ulaya walitua Bunia, mji wa Ituri nchini Kongo, kwa operesheni iliyopewa jina la Artémis. Azimio 1484 la Baraza la Usalama, la tarehe 30 Mei mwaka huo, lilikuwa limewakabidhi kazi ya kulinda uwanja wa ndege na kambi za watu waliokimbia makwao, hadi Septemba 1. Ilikuwa mara ya kwanza Umoja wa Ulaya kupeleka jeshi nje ya bara lake bila kuitegemea NATO. Jina lenyewe si geni kwa wasomaji wa Biblia: ni Artemi yule wa Waefeso, ambaye kwa ajili yake wafua fedha walizusha ghasia dhidi ya mahubiri ya Paulo. Kwa Wagiriki alikuwa mungu wa kike wa uwindaji, na Waamazoni, wanawake wapiganaji wa visasili vyao, walikuwa wakimwabudu.

Ndiyo maana hoja inayorudiwa kila sanaa ya kisasa inapowagusa Waamazoni, kwamba hekaya za Ugiriki hazimhusu msanii wa Ituri, haisimami hapa. Jina la mungu wao liliandikwa katika historia ya mji huu kabla msanii yeyote hajaliomba. Tena Diodorus wa Sisilia, mwanahistoria wa karne ya 1 kabla ya Kristo, alisimulia kwamba Waamazoni wa kale zaidi, wenye malkia aitwaye Myrina, walikuwa wa Libya, jina ambalo Wagiriki waliliita bara la Afrika walilolijua. Msanii wa Afrika anayeishika hekaya hii haendi kukopa kwa jirani.

Swali zito ni jingine. Ni Mwamazoni yupi anayechorwa?

Mwaka 2022 filamu ya The Woman King iliwapeleka Agojie, wanawake wapiganaji wa Dahomey (Benin ya leo), ambao Wazungu waliwaita Waamazoni, katika kumbi za sinema za dunia. Mwaka huohuo Cotonou ilizindua sanamu ya mmoja wao, yenye urefu wa mita 30, imesimama wima na silaha mkononi. Fahari hiyo ni ya haki, na Benin ilikuwa na kila sababu ya kuijenga. Lakini taswira ya mwanamke mzima, asiyeguswa, aliyeshika silaha, sasa inataka kuwa taswira pekee. Toleo hili limeandaliwa ili kuipinga.

Wachongaji wa kale walijua jambo ambalo wengi wa leo wanalipita. Plinio, mwandishi wa Kirumi, anasimulia kuwa Polykleitos, Pheidias, Kresilas na wenzao walishindana kuchonga Waamazoni kwa ajili ya hekalu la Artemi huko Efeso. Sanamu za shaba zilipotea. Nakala za marumaru za Kirumi zimebaki, na moja iko katika Metropolitan Museum, New York. Itazameni kwa karibu. Mwanamke ameegemea nguzo, hana tena silaha, mkono wa kulia ameuinua juu ya kichwa. Chini ya titi la kulia pana jeraha linalovuja damu. Kiunoni amejifunga kipande cha hatamu ya farasi wake, kwa kuwa mshipi hana. Usoni maumivu hayaonekani. Vita vyote vimo katika kipande kile cha hatamu.

Ni mbele ya jumba hilohilo ambako Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, aliweka wanawake wanne wa shaba Septemba 2019. Mashubaka ya ukuta wa mbele, uliokamilika mwaka 1902, hayakuwa yamewahi kupata sanamu. Mutu alianzia kwa wanawake-nguzo, wale wa Athene wanaobeba paa na wale wa vigoda vya Waluba wanaobeba wafalme, akawavua mzigo. Wanawake wake wameketi, hawana cha kubeba, hawana wa kumpiga. Hawakuwa Waamazoni, lakini ndio jibu bora ambalo Mwamazoni aliyejeruhiwa mle ndani amewahi kupewa na Mwafrika.

Ituri ina deni zito zaidi katika suala hili. Sehemu kubwa ya miezi ileile ya Artémis imo ndani ya kipindi ambacho Thomas Lubanga, kiongozi wa wanamgambo wa Ituri, alihukumiwa kwacho na mahakama ya kimataifa huko La Haye: kati ya Septemba 2002 na Agosti 2003, watoto wa chini ya miaka 15 waliandikishwa jeshini na kupelekwa vitani. Kati ya kadogo, kama askari watoto hao walivyoitwa, walikuwemo wasichana. Walibeba bunduki, na walibakwa na makamanda wao. Katika hukumu ya Machi 2012 jambo hilo halikuwemo miongoni mwa mashtaka, na Jaji Elizabeth Odio Benito aliandika kutokubaliana kwake na wenzake. Ilibidi kungoja hadi Julai 2019, Bosco Ntaganda, kamanda wa kundi lilelile la Lubanga, alipopatikana na hatia, ndipo ubakaji na utumwa wa ngono wa watoto ndani ya kundi lake mwenyewe ukaitwa kwa jina lake mahakamani. Anayechora msichana mwenye bunduki katika mji huu, akamfanya pambo la ushujaa, anaifuta miaka hiyo saba ya kungoja.

Yaliyomo mengine yanajitosheleza. Makala kuhusu Mekatilili wa Menza na kiapo cha Wagiriama cha 1913 yanakumbusha kuwa mpiganaji anaweza kuongoza kwa neno. Picha za Pamela Tulizo wa Goma, mshindi wa tuzo ya Dior ya wapiga picha vijana mwaka 2020, zimepewa kurasa za katikati. Uhakiki wa filamu ni mfupi. Insha kuhusu Penthesilea, malkia wa Waamazoni, inasoma chungu cha Mgiriki Exekias, ambapo Achilles anamchoma mkuki shingoni huku malkia, aliyevaa ngozi ya chui, akimwinulia macho. Isomwe pole pole.

Jalada halina bunduki. Mchoraji aliombwa achore kipande cha hatamu, kilichofungwa fundo moja, juu ya karatasi tupu.